Siku Waliyokuja Kung'oa Jukwaa

Kwetu milimani, mahali tambarare pa kutosha kuchezea mpira hapapatikani kirahisi. Nyumba zimening'inia kwenye miteremko, mashamba yamekatwa ngazi ngazi, na mtoto anajifunza kutembea huku akipanda au akishuka. Uwanja wetu, ulio juu ya Soni kwa upande wa Vuga, zamani ulikuwa na goli la juu na goli la chini. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa pia kocha wa timu ya kijiji, aliwaambia vijana wake wakishinda kura wachague kushambulia kwenda juu kipindi cha kwanza, wakiwa bado na pumzi. Mpira ukitoka upande wa bondeni, mchezo ulisimama. Aliyeufuata alipita kwenye kabichi za watu, akapita kwenye miti ya miwati, akafika hadi mtoni. Wakati mwingine alirudi na mpira mkononi na mzigo wa kuni kichwani, kwa sababu mama yake alimkuta huko chini.

Mimi ndiye niliyeipeleka kampuni ya simu pale. Nilikuwa nimemaliza chuo Tanga na kuajiriwa kuwa msimamizi wa mauzo wa milimani. Nilipewa pikipiki, fulana za kijani na eneo lote kuanzia Soni hadi Mgwashi. Kazi yangu ilikuwa kutembelea mawakala, kuwapelekea laini na miavuli, na kuhakikisha maduka yao yamepakwa kijani, rangi ya kampuni. Niliipenda kwa sababu haikunitaka nikae. Toka utotoni sijawahi kuweza kukaa. Mama yangu akiniandalia chakula husema, "Mwanangu, una miguu ya mbuzi. Kaa ule," nami nala nimesimama mlangoni nikitazama nje.

Mwaka wangu wa pili kazini, kampuni ikatafuta uwanja wa kudhamini vijijini. Ofisi walitaka mahali penye watu na pasipo na jina la kampuni nyingine. Nikataja kwetu. Sikudhani watakubali, lakini walikubali. Wakaleta greda, nalo likapanda barabara yetu ya udongo mwekundu polepole, na watu wakatoka mashambani kulitazama. Uwanja ukasawazishwa. Upande wa mlimani wakajenga jukwaa la ngazi za zege, wakafunga viti vya plastiki vya kijani, na juu yake wakaezeka bati za kijani. Getini wakasimamisha bango kubwa lenye jina la kampuni, na chini yake neno "Uwanja".

Siku ya kufungua, mchungaji aliomba, sheikh akaomba, kwaya ya Kilutheri ikaimba, kisha vijana wa madrasa wakapiga dufu. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni jirani yetu na mkulima wa karoti, alimshika baba mkono mbele ya watu wote akasema, "Mwalimu, binti yako ametuletea kitu." Baba alikaa kwenye kiti cha mbele kabisa, akapapasa mikono ya kile kiti, akatazama goli la kushoto na goli la kulia yakiwa sawa kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Tangu hapo mambo yote yalihamia pale. Maulidi, mikutano ya injili, swala ya Idi, harusi za wenye ndugu wengi, chanjo ya watoto. Kadi za mwaliko ziliandikwa jina la kampuni kama mahali pa sherehe, na bibi zetu, wasiojua kuandika ujumbe wa simu, walilitamka jina lile kwa ulimi wa Kishambaa mpaka likawa kama jina la kilima kingine tu cha huku. Nami nikipita kwa pikipiki nikaliona bango, nilikuwa najisikia kama nina shina mahali. Si hisia niliyoizoea.

Habari ya kuuzwa niliisikia redioni, nikiwa dukani kwa wakala mmoja Soni. Mtangazaji alisema kampuni yetu imepata wamiliki wapya. Wakala aliacha kuhesabu kadi za laini akanitazama.

"Dada, mmeuzwa?"

"Sijui."

"Hujui? Wewe si ndiye kampuni?"

Nilitoka nje nikampigia bosi wangu wa Tanga. Hakupokea. Nikapanda pikipiki nikaenda hadi Lushoto bila sababu, nikarudi Soni, nikaenda Bumbuli, na kila duka nililoingia niliulizwa swali lilelile. Jioni nyumbani nilimweleza mama. Alikuwa anamenya viazi. Akauliza, "Wamewauza na nyie watu, au mitambo tu?"

Kwa majuma mengi hakuna aliyetuambia. Usingizi ulinipotea. Nilikuwa naamka kabla ya ukungu kuinuka, nasafisha pikipiki iliyokuwa safi, nafungua simu kutazama kama kuna ujumbe kutoka ofisini. Hakukuwa na ujumbe. Kazini tuliendelea kuuza laini za kampuni ambayo hatukujua ni ya nani.

Hatimaye tuliitwa Tanga. Ukumbi ulipambwa kwa zambarau. Kulikuwa na keki, muziki, na mgeni mmoja mchangamfu aliyesema sisi ni familia. Tukapewa fulana mpya, za zambarau, tukaambiwa tuvae palepale. Jina la kampuni lilikuwa limebadilika na tulifundishwa kulitamka. Baadaye bosi alituita sisi wasimamizi pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Ndani ya mwezi huu, kijani kisionekane popote. Mmenielewa? Popote."

Maduka hayakunisumbua. Mawakala walifurahi kupata rangi ya bure, na Soni ikageuka zambarau. Jukwaa ndilo lililonikaa kooni. Nikampigia bosi kuomba rangi ya kulipaka.

"Kiwanja hicho hakimo," alisema.

"Hakimo wapi, bosi?"

"Hawa wapya wamenunua wateja na maduka. Minara wamenunua watu wengine. Viwanja vya mjini wamevichukua. Hicho cha kwenu hakuna aliyekitaja."

"Basi kama si chao, si wakiache?"

"Wakiache na jina la kampuni ambayo haipo? Na rangi ile? Hapana. Nakutumia lori, ling'oe bango, viti na bati. Wewe utasimamia, maana ni eneo lako."

Nilimkuta baba shambani, analima viazi kwenye ngazi ya juu ya shamba, suruali ameikunja. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia bila kuinuka. Nikamweleza yote nikiwa natembea huku na huko kwenye tuta, mpaka akaniambia niache kukanyaga miche.

Alilima kidogo, kisha akasema, "Waambie waje wachukue jina lao. Jina ni lao, wana haki."

"Na bati, baba? Na viti?"

"Chini ya bati wanakaa watu."

"Lakini walileta wao."

"Walileta, ndiyo. Mtu akikuletea mbuzi harusini, ndoa yake ikivunjika haji kudai nyama." Akaendelea kulima. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Mwanangu. Wewe fanya kazi uliyotumwa. Mimi sitakukasirikia. Ila na mimi nitafanya yangu."

Maneno hayo yalinitesa kuliko kama angenigombeza.

Lori lilifika asubuhi yenye ukungu mzito kiasi kwamba tulilisikia muda mrefu kabla ya kuliona. Lilibeba mafundi kutoka Tanga, na kiongozi wao alikuwa mwanamume mnene mwenye fulana nyembamba, anatetemeka, meno yanagongana. Hakuwa amewahi kufika milimani. Alinisalimia, akauliza kama huku ni hivi kila siku. Kisha akamwona baba amesimama getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekuja kuchukua bango?"

"Ndiyo mzee."

"Haya. Ngazi yenu fupi. Njoo nikuazime ya kanisani."

Na kweli akawaletea ngazi, akaishika mwenyewe chini wakati fundi yuko juu anafungua bolti. Bango likashushwa taratibu, likalazwa kwenye lori kifudifudi. Watu wachache waliokuwa wanapita kwenda mashambani walisimama kutazama, kisha wakaendelea na safari. Nilipumua. Nikadhani labda mambo yatakwenda hivyo, kimyakimya.

Fundi mmoja akachukua spana akaenda kwenye viti. Baba aliichukua ngazi, akaiegemeza ukutani, akapanda jukwaani na kukaa kwenye kiti cha mbele, kilekile cha siku ya ufunguzi. Akaweka fimbo yake magotini. Fundi alisubiri, akaenda kuanza mwisho wa safu. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amefika na gunia la karoti begani, akalitua, akaenda kukaa mwisho wa safu. Kina mama waliokuwa wanarudi na ndoo za maji wakauliza kuna mkutano gani. Mwenyekiti akawajibu kwa Kishambaa, wakatua ndoo, wakapanda wakakaa. Wakaja wazee wa msikitini. Wakaja wanakwaya. Mchungaji alipita na pikipiki, akasimama, akavua kofia ya pikipiki, naye akaketi. Habari hupanda milima haraka kuliko gari. Haikuchukua muda jukwaa likawa limejaa kama siku ya fainali, ila uwanjani hapakuwa na mtu anayecheza, ni mimi tu na mafundi na spana zao.

Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepaza sauti. Walizungumza mambo yao: mvua, bei ya kabichi, mtoto wa nani amefaulu. Mama yangu alikuja na birika la chai ya tangawizi, akaanza kuwamiminia mafundi kwanza kwa sababu ni wageni. Yule kiongozi wao alishika kikombe kwa mikono miwili, akanisogelea.

"Dada, mimi nimeagizwa. Siwezi kumnyanyua mzee wa watu."

"Hata mimi siwezi."

"Sasa?"

Nikampigia bosi. Nilikuwa natembea kutoka goli hadi goli huku nikiongea, watu wote wananitazama. Nilijua wanasikia.

"Bosi, watu wamekaa."

"Wamekaa wapi?"

"Kwenye viti."

"Waambie wasimame."

"Hawasimami."

"Wewe ni mfanyakazi wa kampuni au wa kijiji?"

Nilisimama. Lile swali sikuwa nimejiuliza wazi, ingawa ndilo lililokuwa linaniamsha alfajiri. Nilimtazama baba. Alikuwa anamsikiliza mwenyekiti, anatikisa kichwa, hakunitazama hata kidogo, na nilielewa kwamba ananiepusha na macho yake makusudi ili nisione aibu.

"Bosi," nikasema, "aliyekaa mbele ni baba yangu mzazi."

Nilisikia mashine ya kuchapa karatasi ikilia ofisini kwake. Nikaona nimalize. "Na ulisema kiwanja hakimo. Kama hakimo, tunang'oa mali ya nani? Wakituuliza polisi Lushoto, nitasema nini?"

"Usinifundishe kazi," alisema. Kisha, "Niletee bango. Hayo mengine tutaongea."

Niliporudi jukwaani nikasema kwamba lori linaondoka na bango tu. Hawakushangilia. Mama mmoja alisema, "Haya, maji yangu yanapoa," kwa mzaha, maana yalikuwa maji ya mtoni, baridi kama barafu, wakacheka wakaanza kuinuka. Mama yangu alimvalisha kiongozi wa mafundi sweta kuukuu la baba. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akalivaa.

Baba alibaki amekaa peke yake. Nilikwenda kukaa pembeni yake. Nilikuwa nimevaa fulana ya zambarau. Magoti yangu yalikuwa yanacheza, siwezi kuyatuliza.

"Watakufukuza?" aliuliza.

"Sijui, baba."

"Pole." Akafikiri. "Lakini umeongea vizuri kwenye simu."

Mashindano ya mwaka ule baba alikuwa ameshayaitisha. Timu zilikuwa zinakuja kutoka Vuga, Gare na Mgwashi, na mdhamini hayupo. Bosi alinikataza kuonekana uwanjani na nguo ya kampuni, nikaenda nimejifunga kitenge. Mwenyekiti alitoa mbuzi. Wengine walitoa magunia ya viazi, kreti ya matunda ya peasi, jogoo. Mtangazaji wetu, kijana wa kwaya mwenye sauti nzuri, alishika kipaza sauti akaanza kwa mazoea, "Karibuni sana katika Uwanja wa..." akakwama. Akajaribu tena. "Karibuni katika Uwanja wa... Jamani, karibuni uwanjani!" Watu wakaangua kicheko, na siku nzima kila mchezaji aliyeanguka aliambiwa ameanguka katika uwanja wa jamani.

Timu ya baba ilitolewa kwa penalti na Mgwashi. Alikasirika kwelikweli, akamgombeza kipa wake mpaka nyumbani, na nikafurahi kumwona amekasirikia mpira na si jambo jingine.

Sikufukuzwa. Nilihamishiwa Kilindi, kwa barua fupi iliyosema ni kwa maendeleo yangu. Nilikwenda. Kule ni tambarare na joto, unaweza kuendesha pikipiki asubuhi nzima bila kubadili gia. Niliuza laini, nikapaka maduka zambarau, na kila jioni nilihisi nimesahau kitu mahali. Nikiwa Kilindi nataka kwetu, nikija likizo kwetu siku ya tatu nataka kuondoka. Mwishowe niliacha kazi bila ugomvi. Nikapata nyingine Korogwe, kwenye duka la pembejeo, ambako angalau wateja wangu wengi ni watu wa milimani waliokuja kununua mbegu, wakiingia wananisalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi," na kunipa habari za nyumbani nisizoziuliza.

Mapema mwaka huu redio ilisema tena: ile ya zambarau nayo inazungumza na wanunuzi. Nilikuwa napima mbegu za karoti. Mikono yangu ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Jioni ileile baba akapiga. Hakuwa na habari ya redio. Alisema wamekuja watu wa kampuni moja ya magodoro, wamepima jukwaa, wamepiga picha, wanauliza mwenye uwanja ni nani.

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia waulize kijiji. Sasa kijiji kimeitisha mkutano Jumamosi. Vijana wanataka jezi, wanasema jina ni maneno tu. Wazee wanasema tusirudie. Mimi wananitazama mimi." Akakohoa. "Wewe umekaa na hawa watu wa makampuni. Unasemaje?"

Nilikuwa nimeshatoka nje ya chumba, nazunguka uani na simu sikioni, napita kati ya kamba za nguo za wapangaji wenzangu. Nilimwambia sijui. Nilimwambia nitakuja.

Nilifika Jumamosi mkutano umeshaanza. Jukwaa halina rangi ya maana sasa: kijani kimepauka, na ukuta wa nyuma umepakwa chokaa upande mmoja kwa ajili ya mkutano wa Pasaka, chokaa ikaisha. Viti vingine vimevunjika. Walibishana sana. Kijana mmoja alisimama akaniuliza mbele ya watu, "Dada, wewe ndiye uliyewaleta wale wa kwanza. Ulituletea faida au hasara?"

"Niliwaletea greda," nikajibu. "Mengine sikuyaweza."

Baadhi walicheka. Yeye hakucheka, nami sikumlaumu.

Ni baba aliyesimama mwishoni. Alisema kampuni ikitaka, jina lake lipande asubuhi ya mechi na lishuke jioni, kama bendera ya shule. Likae kwenye kitambaa, lisikae kwenye bati wala kwenye zege. Wakikubali, karibu. Wakikataa, tutacheza. Mwenyekiti akauliza anayeunga mkono anyooshe mkono. Mikono ilikuwa mingi, si yote. Vijana wengine waliondoka wakinung'unika kwamba kwa masharti hayo jezi hatutaziona.

Watu wa magodoro walikubali, kwa msimu mmoja. Hiyo niliijua baadaye. Siku ile nilipoondoka ubishi ulikuwa umegeukia nani atakitunza hicho kitambaa, kanisani au msikitini au kwa mwenyekiti, na baba alikuwa katikati yao, fimbo juu, anasema sauti zipunguzwe. Mama alinishika mkono akataka nikae nile makande kwanza. Nikamwambia nikichelewa gari la Soni nitalala njiani. Akanifungashia makande kwenye kopo, nami nikaanza kushuka kwa miguu huku nakula.